Wenye Kinu Wamekosa Jogoo

Wiki iliyopita tulimwacha Marsela makaburini, kanga imejaa vumbi, na mtani wa marehemu anatimua mbio na chuma cha kinu begani huku waombolezaji wakicheka na kulia kwa pamoja. Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitamrudisha nyuma kidogo, wengine wavumilie.

Melkior, mume wa Marsela, alikuwa mwenyekiti wa Kinu cha Umoja pale Ilembo, Mpanda. Zamani kinu hicho kilikuwa mali ya shirika. Shirika likachoka, ukaja wimbo wa kubinafsisha, na kwa kuwa hakuna tajiri aliyeitaka mashine ile ya kutu, wakapewa wafanyakazi wenyewe. Wakaambiwa, kuanzia leo nyie ndio wenye mali. Kila mtu hisa moja, kila mtu kura moja.

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Jioni wakarudi nyumbani kuwapasha wake zao habari kwamba wameolewa na mabosi.

Kisha Melkior akashikwa na homa, akafa. Siku ya mazishi wenzake waliiweka hendeli juu ya jeneza kumpa heshima. Hendeli ni kile chuma kilichopinda cha kuzungushia mashine mpaka iwake. Bila hendeli, kinu ni banda tu lenye vumbi.

Melkior alikuwa Mfipa. Nkwabi, mfuga ng'ombe, ni Msukuma. Watani hao. Nkwabi akafanya mambo ya watani msibani: alilala mlangoni jeneza lisipite, akavaa kofia ya marehemu, akadai arithi mke. Mwisho akainyakua hendeli na kusema, "Huyu Mfipa alikuwa anakula kwa chuma hiki. Mkikitaka, nileteeni jogoo."

Jogoo mmoja. Hakutaja ng'ombe.

Haya, hapo ndipo tulipofika.

Matanga yalianuliwa, wageni wakapanda treni kurudi makwao, na jogoo hakuonekana.

Usidhani Ilembo hakuna majogoo. Alfajiri wanawika mpaka mtu anashindwa kusali. Kila mwenye hisa alikuwa na jogoo wake uani, mnene, mwenye mkia. Lakini hendeli ilikuwa mali ya wote, na mali ya wote, bwana, inataka jogoo wa wote. Jogoo wa wote hajawahi kuanguliwa.

Makamu mwenyekiti, Cletus, aliitisha mkutano. Cletus alikuwa mtu wa tai hata wakati wa joto, na tangu Melkior afe alikuwa amejifunza kukohoa kabla ya kusema.

"Swali la kwanza," akasema. "Jogoo huyu ni gharama ya msiba au gharama ya kinu?"

Wakajadili mpaka jua likazama. Mmoja akasimama akasema ukweli wake. "Mimi jogoo ninaye. Nikimtoa, kinu kitawaka. Kikiwaka, tunagawana sawa. Mimi nitakuwa nimetoa jogoo mzima na huyu hapa hajatoa hata unyoya, halafu tunapata sawasawa. Kwa nini nisisubiri atoe yeye?"

"Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe," yule jirani yake akajibu kwa upole.

Kwa hesabu, hakuna aliyekosea. Ndiyo maana wakakosa wote.

Wakaunda kamati ndogo ya jogoo. Kamati ikakutana, ikaomba iongezewe wajumbe.

Utauliza, kwani pale stesheni hakuna fundi wa kuwachomelea hendeli nyingine? Yupo, na anajua kazi. Lakini nani ataizungusha? Kitu alichochukua mtani msibani hakipitwi kando, hukombolewa. Ukikipita, huyo marehemu hujamaliza kumzika. Mashine ikirudisha nyuma ikamvunja mtu mkono, utamwambia nini mkewe? Hata Cletus, ambaye kwa kawaida haamini kitu ila maendeleo, alisema hapana, hiyo ya fundi tusiijaribu.

Na msimu haukusubiri kamati. Malori yalikuwa yanashuka kutoka Mpimbwe na mpunga mpya. Yakifika Ilembo, madereva wanakuta wenye kinu wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, wanawasalimia vizuri sana.

"Kinu kinakoboa?"

"Kiko kwenye mchakato."

Dereva anageuza lori, anakwenda stesheni kwa Simoni. Simoni alikuwa mfanyabiashara mwenye pikapu moja, mashine moja mpya na tabasamu lisilokatika. Hakuwa na kamati yoyote.

Hata Nkwabi mwenyewe alikuja, kichwa chini. "Jamani, nikomboleeni. Magunia yangu yako humo humo kinuni kwenu tangu kabla ya msiba. Nyumbani wanapika ugali kila siku na mpunga wangu nauona kwa dirisha. Utani huu umenishinda."

"Suala lako tunalo," Cletus akamwambia. "Liko kwenye kamati."

Sasa tumgeukie Marsela, maana mateso ni yake.

Marsela aliishi na binti yake Mercy kwenye nyumba ya kinu, vyumba viwili vilivyopakana na ghala la pumba. Kila mchana aliwapikia wenye kinu. Kwa miaka yote hiyo hakulipwa, kwa sababu mume alikuwa na hisa, na mke wa mwenye hisa anajipikia mwenyewe, si ndiyo? Anajipikia yeye na wanaume ishirini.

Cletus alimjia na wenzake wawili. Wakakaa. Wakanywa uji wake kwanza.

"Shemeji, pole sana," akaanza, akakohoa. "Lakini katiba yetu iko wazi. Hisa ni ya anayefanya kazi. Hairithiwi, haiuzwi. Mtu akiacha kazi, hisa inarudi kinuni. Na marehemu, kwa masikitiko makubwa, hafanyi kazi tena."

"Ni kweli," Marsela akasema. "Siku hizi amepunguza."

Wale wawili wakatazama vikombe vyao.

"Na nyumba ni ya mwenye hisa," Cletus akaendelea. "Hatukufukuzi. Una mpaka mwisho wa mwezi."

"Na mimi ninayewapikia?"

"Wewe unapika, shemeji. Hufanyi kazi."

Marsela aliinua sufuria ya uji akaiweka mbali na Cletus. Akauliza polepole, "Nikiomba kazi? Kupepeta najua, kushona magunia najua. Nikifanya kazi, hisa ya Melkior nitapewa?"

"Kazi ipi? Kinu kimesimama."

"Kikiwaka?"

Cletus akatabasamu kama mtu aliyeombwa aahidi mvua ya Julai. "Kikiwaka, tutazungumza."

Basi Marsela akaona njia, nyembamba, lakini njia. Awashe kinu. Kikiwaka atapata kazi, kwa kazi atapata hisa, kwa hisa Mercy atalala ndani. Na kilichozuia yote hayo ni kuku.

Asubuhi yake akamkamata jogoo wake. Alikuwa mmoja tu, mwekundu, Melkior alimlea tangu kifaranga na kumwita Diwani kwa sababu ya kelele. Mercy alinuna. Marsela akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akatoka nje kutafuta mtu wa kumpeleka kwa Nkwabi.

Mtu aliyekuwapo ni Libérat.

Huyu Libérat sijamtaja sana huko nyuma, na hilo ni kosa ambalo si langu peke yangu. Pale kinuni naye hakutajwa. Alikuwa kijana mtu mzima, Mrundi wa Mishamo, ametoka kule kwenye makazi ya wakimbizi kwa kibali, na baiskeli yake ilikuwa kila kitu chake. Wenye kinu walimwajiri kibarua mara tu walipokuwa mabosi. Mtu hawezi kuwa bosi halafu akabeba gunia, atachekwa.

Hivyo mmoja akawa msimamizi wa magunia. Mwingine msimamizi wa pumba. Mwingine msimamizi wa mizani. Alikuwapo na msimamizi wa wasimamizi. Na Libérat akabeba magunia, akazoa pumba, akapakia mizani, na kila asubuhi yeye ndiye aliyezungusha hendeli mpaka mashine ikakohoa na kuwaka. Hapo wenye mali walipiga makofi.

"Nipeleke kwa Nkwabi," Marsela akamwambia.

"Panda, Mama Mercy."

Wakashika barabara ya kwenda Kasekese, Marsela nyuma kwenye keria, jogoo mapajani anapiga kelele zake za udiwani. Njia nzima Marsela alikuwa anapanga maneno. Atamwambia nini Nkwabi, atamwambia nini Cletus, atasimama wapi hendeli ikiwa mkononi.

"Mama Mercy," Libérat akasema kwenye mteremko. "Simoni ameniita jana."

"Achana na huyo mtu," Marsela akasema. "Hivi Nkwabi akisema jogoo ni mdogo, nitamwambiaje?"

Libérat akakanyaga pedali. Hakusema tena mpaka wakafika.

Nkwabi alikuwa amekaa nje ya zizi, hendeli imeegemezwa ukutani, imefutwa vizuri, inang'aa kuliko ilivyong'aa kinuni.

"Mke wangu amekuja," akasema.

"Nimekuletea mahari ya kuniacha."

"Nani alikuambia Msukuma anaacha? Tunaongeza." Kisha akamwona jogoo, na utani ukamtoka usoni. Akasimama. "Umemleta wewe?"

"Nimemleta mimi."

"Wewe, mfiwa? Na wale ishirini wako wapi?"

"Wako kwenye kamati."

Nkwabi alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Akasema, na safari hii hakuwa anatania, "Shemeji, mimi nilimpenda Melkior. Nilichukua chuma hiki ili watu wagombanie kukikomboa, waseme huyu ni wetu. Siku ya kwanza nilifagia hapa mlangoni. Nilidhani nitapata majogoo mpaka nikose pa kuwafuga."

Marsela akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu matanga. Alilia kwa ajili ya mume wake na kwa ajili ya mlango uliofagiwa bure.

"Kwetu na kwenu mila ni moja," Nkwabi akasema, akimpa hendeli. "Aliyekomboa ndiye mwenye msiba. Waambie nimesema mimi. Na mpunga wangu waukoboe wa kwanza."

Walirudi mbio. Hendeli ilikuwa nzito, akaikumbatia kifuani, na moyoni alishakuwa mwenye hisa. Alijiona ameshika ungo, amesimama penye mlango wa kinu kama mtu mwenye haki ya kusimama pale.

Walipofika Ilembo, pikapu ya Simoni ilikuwa imeegeshwa mbele ya kinu.

Ndani kulikuwa na mkutano, na mkutano ule ulikuwa na soda. Makreti mawili yaliwekwa juu ya magunia ya Nkwabi, na wenye mali wote ishirini walikuwa na chupa mkononi. Simoni amekaa kwenye kiti cha Melkior, amekunja nne, anatabasamu.

"Karibu, shemeji," Cletus akasema, kwa shida kidogo. "Tuko kwenye jambo zito."

"Hendeli hii hapa," Marsela akasema. "Nimeikomboa. Washeni kinu."

Mzee mmoja aliweka soda yake chini taratibu, kama aliyefumaniwa.

"Mwanamke amelipa jogoo," akanong'ona. "Sisi ishirini tumeshindwa."

"Jogoo si hoja tena," Cletus akakohoa. "Bwana Simoni amejitolea kukinunua kinu. Kila mwenye hisa apate fungu lake, mambo ya kamati yaishe."

"Si ulisema hisa haiuzwi?"

"Mmoja mmoja haiuzwi, shemeji. Wote kwa pamoja tukipiga kura, inauzika. Katiba iko wazi."

Ile katiba ilikuwa wazi kila upande Cletus alipotaka kupita.

"Na mmeshapiga kura?"

"Tumepiga," yule mzee akadakia. "Mara tatu. Kumi wanataka kuuza, kumi tunakataa. Hakuna anayehama."

"Kura zikilingana katiba inasemaje?"

Cletus akatazama dari. "Inasema mwenyekiti ataamua."

Mwenyekiti, kama msomaji anavyojua, alikuwa makaburini, na hakuna aliyethubutu kutumwa kumuuliza. Cletus alijaribu kusema makamu anatosha, kumi wakapiga kelele kwamba makamu ni makamu. Ndipo walipokuwa wamekwama, wanakunywa soda.

Simoni ndiye aliyeona njia kwanza. Wafanyabiashara huona.

"Mama," akasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa rambirambi, "mimi naona umeonewa. Hisa ya marehemu ni ya mjane. Hata Mungu anajua. Mpeni mama hisa yake, naye apige kura."

Cletus hakukohoa hata mara moja. "Nakubali. Nadhani tulikuwa tumeisoma katiba haraka haraka. Shemeji, hisa ya Melkior ni yako kuanzia sasa. Inua mkono kiuzwe, uchukue fungu lako, ujenge kwako. Utaacha kuhangaika na nyumba ya watu."

"Na nisipoinua?"

"Usipoinua," Cletus akasema kwa huruma kubwa, "basi huenda tukaisoma tena."

Hapo ndipo Marsela alipopewa kila alichokuwa anakitafuta, kwenye sinia, na Simoni ndiye aliyelishika. Fungu lingetosha bati na matofali. Mercy angelala kwao. Na ni nani angemlaumu, mjane, aliyekombolea watu chuma kwa jogoo wa mwisho?

Alitamani sana. Nisikufiche. Mkono ulikuwa mwepesi.

Lakini akawatazama wale kumi waliokataa. Wanaume wazima, wanamtazama mwanamke waliyemnywea uji miaka yote bila kumuuliza jina la baba yake. Kinu kikiuzwa, kesho watakuwa wapi? Mlangoni kwa Simoni, wanaomba ukibarua. Melkior alikwenda Sumbawanga kwa lori la chumvi, mara nyingi tu, kuwahangaikia hawa wapewe kinu hiki. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake njiani, watu wakadhani amelewa.

"Cletus," akasema. "Uliniambia hisa ni ya nani?"

"Hayo tumeshayapita, shemeji."

"Yarudie. Ulikunywa uji wangu ukiyasema."

Mtu akacheka. Cletus akalegeza tai. "Nilisema ni ya anayefanya kazi."

"Mimi unasema napika, sifanyi kazi. Sawa, nimekubali, sitaki hisa ya kurithi. Katiba iwe ile ile. Sasa niambieni nyie wote, hapa kinuni nani anafanya kazi?"

Msimamizi wa magunia alimtazama msimamizi wa pumba. Msimamizi wa pumba akamtazama msimamizi wa wasimamizi, ambaye alikuwa anasimamia chupa yake.

"Nani anawasha mashine? Inukeni mmoja wenu aiwashe. Hendeli hii hapa."

Aliinyoosha mbele. Haikupokelewa.

"Anayewasha yuko mlangoni," Marsela akasema. "Libérat, ingia."

Libérat alikuwa amesimama na baiskeli yake kizingitini, pale alipozoea kusimama. Akaingia hatua chache, akasimama tena.

"Huyu ndiye anayefanya kazi. Kwa katiba yenu hisa ya Melkior ni yake, na kura ni yake. Aamue yeye."

Banda zima likalipuka. Cletus akawa wa kwanza. "Huyu ni mkimbizi. Ana kibali cha kukaa, hana cha kumiliki."

"Gunia linauliza kibali?" yule mzee akamjibu. "Mbona mgongoni kwake linapanda?"

"Ni kibarua tu, nyie."

"Na sisi zamani tulikuwa nani?"

Wale kumi wakashangilia. Waliona wameshashinda. Libérat ni mtu wao, amekula nao ugali miaka yote, ampigie kura nani, Simoni? Mmoja alimpigapiga Libérat begani, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akampa na soda.

Cletus akamgeukia Simoni, amechanganyikiwa, kama anayeomba msaada.

Na Simoni akatabasamu. "Mpeni," akasema. "Mimi sina neno. Mama amesema haki. Kijana apige kura."

Marsela aliliona lile tabasamu. Alijaribu kukumbuka kitu alichoambiwa kwenye mteremko, wakati jogoo anapiga kelele.

"Haya," Cletus akasema. "Ndugu Libérat." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita ndugu. "Unataka kinu kiuzwe au kisiuzwe?"

Libérat aliirudisha soda kwenye kreti bila kuinywa. Akaja mpaka kwa Marsela, akaipokea hendeli mikononi mwake, polepole, alivyokuwa anaipokea kutoka kwa Melkior kila asubuhi.

"Mnaniuliza mimi," akasema. "Sawa. Na mimi niulize. Nikisema kisiuzwe, kesho nakula ndani au nje?"

Hawakuelewa. Kisha wakaelewa, mmoja baada ya mwingine, ungeweza kuona macho yanavyoshuka. Wenye kinu walikula ndani, mezani. Libérat alikula nje, penye lundo la pumba, juu ya mfuniko wa sufuria, baada ya wote kushiba. Hapakuwa na sheria ya hivyo. Ilikuwa hivyo tu.

Na aliyepakua alikuwa Marsela.

"Utakula ndani, Libérat," yule mzee akasema haraka. "Tena meza kuu."

"Leo," Libérat akasema. "Kwa sababu ya kura. Nimewasikia mkiimba siku mlipopewa kinu, mmesema bosi ameisha. Mimi nikafurahi na nyie. Kesho yake nikawa na mabosi ishirini na mmoja. Huyu njoo, huyu nenda, huyu mbona umechelewa. Simoni ni bosi mmoja tu."

"Unaona," Simoni akasema taratibu.

"Wewe nyamaza kwanza, mzee," Libérat akamwambia, na Simoni akanyamaza.

Kisha akamgeukia Marsela. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Mama Mercy, wewe umenipa kura mbele ya watu. Nakushukuru. Lakini asubuhi, njiani, nilikuambia Simoni ameniita. Hukuniuliza alisema nini."

Marsela akaona aibu. Nyumba yake, jina la mumewe, vyumba viwili vya Mercy, vyote alikuwa ameviweka juu ya mtu huyu, na hakujua hata mama yake anaitwa nani. Alifungua mdomo, akakuta anaogopa jibu kuliko alivyowahi kuogopa kitu tangu ile siku Melkior alipofia hospitalini.

"Alikuambia nini?" akauliza.

Libérat akatembea mpaka kwenye makreti ya Simoni, akailaza hendeli juu yake, na akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Cletus," akasema, "uliza tena lile swali lako, nani anataka kiuzwe. Nitainua mkono, halafu mama atajua Simoni aliniambia nini."